Plasta Inayofunguka Kando ya Mlango Mpya: Mjue Mkosaji Kabla ya Kushika Mwiko

Mama mmoja wa Kisauni aliniita baada ya plasta ya mlango wake wa mbele kurudiwa mara tatu ndani ya miezi minane. Mlango wenyewe haukuwa na ila: mninga mzito, bawaba za shaba, umenyooka. Lakini kandokando yake ukuta ulikuwa umebanduka kama ganda la mkate. Akaniketisha barazani, akanimiminia kahawa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hebu nambie mwanangu, ukuta huu una jini?"

"Hauna jini, mama. Una mafundi watatu, na kila mmoja kamwachia mwenzake."

Ndivyo ilivyo kwa milango mingi ninayoitiwa hapa Mombasa. Seremala huja na fremu, huipiga kabari, huning'iniza mlango, hulipwa, huenda zake. Mwashi huja kesho yake, hujaza ile nafasi kwa kilichobaki karaini na kupitisha mwiko juu. Mpaka rangi akikuta ufa huuziba kwa fila na kuupiga msasa, na siku ya kukabidhi kazi kila kitu kinang'aa. Ile nafasi ya vidole viwili kati ya mbao na ukuta haina mwenyewe. Humo ndimo yanamozaliwa karibu matatizo yote nitakayoyataja. Kwa hiyo kabla ya kuziba chochote, jua kwanza ni nani anayetembea: mbao, ukuta, au maji.

Uliza tarehe, kisha gonga

Swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba ni hili: ufa ulionekana lini? Ukionekana siku ileile au kesho yake, kosa ni la mchanganyiko au la jua. Ukija baada ya wiki tatu au miezi miwili, hiyo ni mbao inayovimba au kusinyaa. Ukija na masika, ni maji. Na mtu akikuambia "ulitokea ule usiku mlango ulipobamizwa na upepo," shuku vishikizo vya fremu, zile skrubu zinazoishika ukutani.

Halafu chukua sarafu, gonga plasta kuanzia kandokando ya fremu ukienda nje, pole pole, kama mtu anayechagua dafu. Palipo pazima hutoa mlio mkavu na mfupi. Palipoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Piga mstari wa penseli kuzunguka kila palipolia. Mara nyingi utashangaa: ufa unaouona ni sentimita kumi, lakini plasta iliyokufa imefika nusu mita.

Mwisho, mwambie mtu afungue na kufunga mlango huku wewe umeweka kiganja pale plasta inapokutana na fremu. Ukihisi fremu inacheza hata kidogo, weka mwiko chini. Hakuna plasta duniani itakayokaa hapo.

Ufa ulionyooka, unaofuata mwimo kutoka juu hadi chini

Huu ndio wa kawaida kuliko wote, na ndio unaozibwa vibaya kuliko wote. Ni mwembamba, unaingia ukucha, na umenyooka kama uliopigwa kwa rula kwa sababu umefuata ukingo wa mwimo, ule mti wa fremu uliosimama ubavuni mwa mlango.

Mbao hupumua. Hunywa unyevu wa hewa zikavimba, hukauka zikasinyaa, na mwendo huo huwa zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu. Simiti haina habari na mambo hayo. Ukiibananisha plasta na mbao uso kwa uso, lazima mmoja amwachie mwenzake, na plasta ndiyo dhaifu. Hapa kwetu tatizo hukolea kwa namna mbili. Wapo wanaoagiza fremu kutoka bara, zimekaushwa kwenye hewa kavu ya Nairobi. Zikifika Mombasa hunywa unyevu wa bahari na kutanuka, na miimo ikaisukuma plasta. Wapo pia wanaonunua mbao mbichi kwa sababu bei yake ni rahisi. Hizo husinyaa zikiwa ukutani na kuacha mwanya. Ukiona plasta imesukumwa nje na kingo zake zimesagika, mbao ilivimba. Ukiona mwanya safi unaopitisha mwanga, ilisinyaa.

Kuuziba ufa huu kwa simiti ni kuahirisha kesi. Dawa ni kuukubali na kuupa nafasi yake. Kwa grainda au tindo nyembamba, kata mfereji wa milimita 8 hadi 10 kati ya plasta na fremu, kutoka juu hadi chini, bila kuacha daraja lolote la simiti linalounganisha pande mbili. Futa vumbi kwa brashi, lisibaki. Ingiza ndani kamba ya sponji iliyo pana kidogo kuliko mfereji ili ijikaze, kisha jaza juu yake gundi ya kuziba inayonyumbuka, kina chake kiwe kama nusu ya upana. Ile kamba si ya kupunguza gharama tu. Kazi yake hasa ni kuzuia gundi isishike nyuma, ishike mbavu mbili pekee, iweze kuvutika mbao zinapotembea. Gundi iliyoshika pande tatu hukatika mwaka wa kwanza.

Kuhusu gundi yenyewe: silikoni ya kawaida haipakiki rangi. Rangi huteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Kama utapaka rangi, tafuta ya akriliki ya nje, au bora zaidi ya poliyurethani, na usome kopo kabla ya kulipa.

Kwa mlango ambao bado haujapigwa plasta, mambo ni mepesi. Bandika kando ya fremu kipande cha plaiwudi cha milimita 6, piga plasta hadi hapo, kesho yake kichomoe. Mfereji umepatikana bure. Na fremu iliyotoka mbali ilaze ndani ya nyumba hiyohiyo wiki mbili kabla ya kuifunga. Wateja hawapendi kusikia hili, wana haraka ya kuhamia, lakini nililegea mara mbili na mara zote mbili nilirudi kwa gharama yangu.

Plasta inameguka vipande kando ya kitasa na bawaba

Ukiona uharibifu umekusanyika kwenye kitasa na kwenye bawaba, huku kwingine hakuna ila, fremu haikushikwa. Upepo wa kaskazi wa Januari ukiubamiza mlango mara kumi kwa siku, kila kishindo ni nyundo.

Toa plasta iliyomeguka uone nyuma. Pale Kisauni nilikuta nafasi imejazwa karatasi za mifuko ya simiti, zimekunjwa na kusokomezwa, juu yake plasta ya sentimita moja. Kila upande ulikuwa na skrubu mbili tu, moja ikiwa imeingia kwenye maungio ya mawe, si kwenye jiwe.

Kila mwimo unataka vishikizo vinne kwa uchache, cha kwanza na cha mwisho visizidi sentimita 20 kutoka pembe, na umbali wa katikati usivuke sentimita 60. Mawe yetu ya matumbawe ni laini na yana matundu, kwa hiyo skrubu fupi haifai kitu; tumia ya milimita 100 au zaidi na plagi yake, na utoboe katikati ya jiwe. Kabla ya kukaza, weka kabari nyuma ya kila skrubu, la sivyo utaivuta fremu ipinde na mlango ugome kufunga. Fremu ikishashika, jaza nafasi yote kwa mota (simiti na mchanga vilivyokorogwa kwa maji), ukishindilia kwa kijiti mpaka nyuma kabisa.

Lile povu la kopo linalovimba silichukii, lakini lina adabu zake. Ukijaza kopo zima bila kuweka mbao za kutanua kati ya miimo, litaisukuma fremu ndani na mlango utakwama. Tena povu si kishikizo; linaziba upepo tu. Na usipige plasta juu ya povu lililotokeza nje. Likate kwa kisu liingie ndani sentimita mbili, plasta ipate jiwe la kushika.

Inalia debe tupu lakini haijaanguka

Inangoja siku yake. Sababu huwa ni mojawapo ya hizi: ukuta ulikuwa na vumbi, ulikuwa na rangi ya zamani, ulikuwa mkavu mno, au ni linta, boriti ya zege iliyo juu ya mlango, iliyo laini kama sahani.

Ukavu ndio ugonjwa wa Pwani. Jiwe la matumbawe hunywa maji kama mchanga wa ufuo. Ukilipaka plasta likiwa kavu, hunyonya maji yote kabla simiti haijashikana, na pale mgusano unapotakiwa hubaki unga. Loweka ukuta jioni, loweka tena asubuhi, kisha ngoja mpaka uso wake uache kung'aa. Ukuta unaochuruzika maji nao haushiki plasta.

Kata plasta mbovu hadi ufike penye mlio mzima, na ukate kwa mstari ulionyooka, ukingo ukiingia kidogo kwa chini ili kiraka kijikabe. Usikate duara. Kiraka cha duara huonekana hata baada ya rangi tatu. Kwaruza ukuta kwa tindo kama ni laini, futa vumbi, loweka. Kisha rusha kwa mwiko uji mzito wa simiti moja kwa mchanga mkavu mbili, uuache na makunyanzi yake, usiulainishe. Hayo makunyanzi ndiyo meno. Kesho yake ndipo upige plasta. Pale linta ya zege inapokutana na jiwe, pigilia wavu uliopakwa zinki upite sentimita 15 kila upande wa maungio.

Tabaka la kwanza lisipite milimita 12. Kama shimo ni refu, jaza kwa siku mbili. Mwashi anayebandika sentimita nne kwa mkupuo mmoja kwa sababu anataka kuwahi feri ya Likoni anakutengenezea debe jingine.

Nyufa ndogondogo kama utando wa buibui

Simiti imezidi, au mchanga ni laini mno, au jua limekausha kabla ya wakati. Watu hudhani simiti nyingi ni nguvu nyingi. Plasta yenye simiti nyingi husinyaa zaidi, hukauka ngumu kama kigae, na hupasuka. Karai moja ya simiti kwa karai nne za mchanga ndio mwisho kwa kazi ya nje. Mimi hupendelea simiti moja, chokaa moja, mchanga sita, kwa sababu chokaa huipa plasta unyumbufu na haikauki kwa hasira. Simiti ya 32.5, namba ya nguvu iliyoandikwa mfukoni, inatosha kabisa. Ile ya 42.5 waachie wenye slabu na nguzo.

Ukuta unaotazama mashariki upige alasiri, wa magharibi uupige asubuhi. Funika kwa gunia lililolowa, unyweshe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Nyufa za namna hii zikiwa juujuu tu na plasta hailii debe, acha ubomozi. Rangi nzuri ya nje itazimeza.

Inasagika kama biskuti

Sugua kwa kidole. Kama mchanga unamwagika mkononi, basi mota ilikuwa dhaifu, au ilikufa karaini na fundi akaihuisha kwa maji. Mota iliyokaa saa mbili imeshaanza kushikana. Kuiongezea maji ni kuivunja. Toa yote. Hakuna dawa ya kupaka juu.

Unga mweupe, rangi inafura, ukuta unatoa jasho bila mvua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo tatizo letu hasa, na nimeona watu wakimlaumu mpaka rangi miaka nenda rudi.

Dalili huanza chini, sentimita 30 hivi kutoka kizingitini. Rangi hufura, ukiibinya hupasuka na ndani mna unga mweupe. Asubuhi ukuta una unyevu, mchana umekauka, na hakuna bomba wala mvua. Hiyo ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kujivutia maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, na usiku wa Mombasa huvuka kiwango hicho mara nyingi tu. Kwa hiyo chumvi iliyo ndani ya plasta hulowa usiku, hukauka mchana, na kila inapokauka huota vijiwe vidogo ndani ya vitundu vya plasta na kuisukuma nje. Plasta haina hatia, inatafunwa kutoka ndani.

Imeingilia wapi? Njia ni tatu. Ya kwanza mchanga: kuna wanaouza mchanga wa ufuoni kwa bei ya kutupa, mweupe mzuri, laini. Ya pili maji: visima vingi vya kisiwani na vya mitaa ya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na fundi huteka tu kilicho karibu. Ya tatu ni ardhi yenyewe, unyevu ukipanda kupitia jiwe lisilozuiwa chini.

Kuipima si kazi. Tia mchanga kwenye chupa ya maji safi ya bomba, tikisa, acha utulie, chovya kidole uonje. Ulimi wa mtu wa Pwani haudanganywi na chumvi. Chupa hiyohiyo itakuonyesha tope: ikiwa mchanga umesimama sentimita 10 na tope juu yake limepita milimita 8, urudishe au uuoshe. Maji ya kisima nayo yaonje kabla, na usisahau kuwa kunywesha plasta kwa maji ya chumvi kwa siku saba ni kuilisha sumu kwa siku saba. Hilo ndilo lililomkuta yule mama. Kisima chake kipo hatua kumi kutoka mlangoni, na mafundi wote watatu walikitumia.

Kurekebisha: kwangua ule unga ukiwa mkavu, kwa brashi ngumu, uukusanye na kuutupa mbali. Usiuoshe kwa maji, utaurudisha ndani. Bomoa plasta hadi sentimita 30 juu ya mwisho wa dalili, kwaruza maungio ya mawe, kisha acha ukuta wazi ukauke. Wiki mbili za kaskazi zinatosha, za masika hazitoshi. Piga brashi tena kila unga unapotoka. Ndipo upige plasta yenye chokaa nyingi kwa mchanga wa mto uliooshwa, pamoja na maji ya bomba au ya mvua. Usimalizie kwa rangi ya mafuta inayofunga ukuta pumzi. Chumvi iliyobaki itatafuta pa kutokea na itatokea na rangi yako.

Mstari wa kahawia

Kutu. Fremu ya chuma, misumari iliyosahauliwa, au wavu wa kuku wa bei rahisi. Chuma kikishika kutu hutanuka hadi zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo nyuma ya kila mstari wa kahawia kuna kitu kinachosukuma. Ifuate kutu hadi mwisho wake, toa au sugua hadi chuma king'ae, paka rangi ya zinki tabaka mbili, ndipo urudishe plasta. Kwa nyumba zinazotazama bahari, Nyali au Shanzu, skrubu zilizopakwa zinki nazo hazidumu. Lipia za stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi. Nyuma ya fremu ya chuma upande wa ukutani hupakwa rangi kabla ya kufungwa. Nani hufanya hivyo? Wachache.

Maji yanaingia, na miguu ya fremu imeoza

Upepo wa kusi ukivuma na mvua, mvua hiyo haidondoki, inapigwa ubavuni. Mlango unaoelekea kusini-mashariki hupokea yote. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, na ndio mwezi simu yangu hailali.

Tafuta njia ya maji kwa mpira wa bustani. Anza chini, dakika kumi, mtu akitazama ndani. Kisha miimo. Mwisho juu. Ukianza juu, maji yatateremka kote na hutajua yalipoingilia.

Mara nyingi jibu liko kizingitini. Ama kimelala sawasawa, ama kimeelekea ndani, kwa sababu aliyekipiga alitumia pima maji na kujivunia kuwa kiputo kipo katikati. Kizingiti cha nje hakitakiwi kulala. Kitelemke nje, milimita 5 kwa kila sentimita 10. Uwanja wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15. Palipojazwa kifusi na kusakafiwa upya mpaka usawa wa mlango, hapo mlango umegeuzwa mfereji. Kwa juu, chini ya linta au kijibati cha kukinga mvua, kwaruza kijifereji chembamba upande wa nje ili tone likatike lisirudi ukutani.

Miguu ya fremu ikizikwa kwenye zege hunyonya maji kwa ncha zake kama utambi. Ikate iliyooza, iungwe kwa kipande kipya, ncha ipakwe lami au rangi mara tatu, na iketi juu ya kijiwe au bamba, isiguse sakafu. Plasta ya kando nayo ikome sentimita chache juu ya ardhi.

Ufa wa mshazari kutoka pembe ya juu

Huu usiubabaishe. Unaanza pembe ya mlango na kupanda kwa mshazari, mara nyingi ngazi kwa ngazi ukifuata maungio ya mawe. Nyuma yake kuna linta fupi isiyoketi ukutani sentimita 15 kwa kila upande, au mlango uliopanuliwa kwa kubomoa bila kubadilisha linta, au msingi unaozama. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe pembeni, pima upana. Rudi baada ya mwezi, na tena baada ya mvua. Usiposogea, ni wa zamani. Ujaze na uweke wavu. Ukisogea, au ukimeza sarafu na kuonekana hata upande wa ndani, hii si kazi ya mwashi. Mwite mhandisi, na huku ukimsubiri tia nguzo chini ya linta.

Nyumba za Mji wa Kale

Ukivuka kuingia Mji wa Kale, mengi niliyosema juu ya simiti yasahau. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, familia moja na Fort Jesus, ile ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Ukuta wa namna ile hunywa maji na kuyatoa kupitia chokaa. Ukiuvika simiti kuzunguka mlango mpya, maji hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya simiti, na baada ya miaka michache simiti hubanduka ikiwa nzima na uso wa jiwe umeng'ang'ania mgongoni mwake. Nimeliona jiwe la karne nzima likitoka hivyo, laini kama jibini.

Kwanza ruhusa. Eneo lile limehifadhiwa, na kugusa mlango au uso wa nyumba kunapitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Milango ya nakshi ndiyo usiiguse hata kidogo kabla ya kuwaona. Pili, tazama kizingiti cha juu kabla ya kung'oa fremu kuukuu. Nyumba nyingine boriti iliyo juu ya mlango imeoza, na fremu uliyoiona ya kupamba ndiyo inayobeba ukuta.

Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga mkali, ule wenye chembe za kukwaruza, tatu. Chokaa ya mfuko ilaze majini usiku kucha, au siku kadhaa ukiweza. Itakuwa nyororo na haitapasuka. Angalia sana usiuziwe chokaa ya shambani: hiyo ni jiwe lililosagwa tu, halikuchomwa, na halitashika milele. Palipo na unyevu mwingi ongeza unga wa matofali ya kuchoma uliochekechwa, wazee walijua. Tabaka zisizidi milimita 10, kila moja ipewe siku kadhaa kabla ya nyingine, chini ya magunia yaliyolowa. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa, na haiharakishwi. Vaa miwani; ikiingia machoni huunguza.

Kiraka kinaonekana

Kitaonekana, kwa muda. Plasta mpya ya simiti iachwe wiki nne kabla ya rangi, wakati wa mvua zaidi, kwa sababu ukali wake huila rangi. Lainisha kwa kifaa kilekile kilichotumika ukutani: kama ukuta ulisuguliwa kwa sponji, sugua kwa sponji, usije na mwiko wa chuma ukaacha kioo katikati ya mchanga. Ukifika wakati wa rangi, usipake kiraka peke yake. Paka ubavu mzima kutoka pembe hadi pembe, maana rangi ya kopo na rangi iliyopigwa jua la Mombasa mwaka mzima hazitafanana hata zikiwa na namba moja.

Mwambie mwenye nyumba haya kabla ya kuanza. Yule mama nilimwambia wiki nne, akakubali, na siku ya kumi akanipigia: "Fundi, wageni wa harusi waja Ijumaa, na mlango wangu una baka." Tukatundika kanga mbili juu yake.